Giaboksi ya otomatiki iliyotumika: unanunua nini hasa ukitaka kuijenga upya?

Giaboksi haina mita ya kilomita. Gari likishachinjwa Japani, au vipuri vyake vikipitia yadi za Sharjah, idadi ya kilomita hubaki kwenye dashibodi. Giaboksi inayofika Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, imeshaachana na historia yake. Kwa hiyo "hii imetembea kidogo" ni maneno ya kuuzia tu. Anayeinunua ili aifumue na kuijenga upya ajue kwamba ananunua chuma. Pleti za klachi, sili, gasketi na chujio azihesabu zimekufa tayari, hata kama bado zinadai maisha.

"Nimezungusha shafti kwa mkono, iko laini."

Dhana hii imewapotezea watu fedha nyingi, na inaniuma kila ninapoisikia. Pampu ya oili huendeshwa na shingo ya konveta, kile chombo cha mviringo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa njia ya oili, na konveta huzungushwa na injini. Injini isipokuwepo hakuna presha, na bila presha klachi hazibani. Mkono wako unagusa beringi na gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya kati) basi. Ukisikia kukwaruza, iache. Usiposikia kitu, bado hujajua lolote kuhusu klachi.

Ukweli umelala chini, kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Toyota nyingi zina bolti za sampu zinazofunguka kwa spana namba 10, na kazi yenyewe si ndefu. Muombe muuzaji, umuahidi gasketi mpya. Tazama sumaku zilizomo. Tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Punje ngumu za chuma, vipande vya rangi ya shaba vinavyotoka kwenye bushi, au aluminiamu inayometameta, hizo ni dalili kwamba sehemu ngumu zimeliwa.

Wanunuzi wengi hapa huogopa kisichostahili. Wakinusa oili iliyoungua wanakimbia, lakini vumbi la chuma wanalipuuza. Harufu ya kuungua inatangaza klachi zilizokwisha, na pleti ulishapanga kuzibadilisha. Kinachobaki ni kukagua kama ngoma zake, vile vyombo vya chuma vinavyobeba pleti, hazijapata joto kali hadi zikabadilika rangi. Chuma kilicholiwa ndicho kitakachokugharimu, maana hakimo kwenye seti ya matengenezo. Oili mpya nyekundu nayo isikutulize, kwani humiminwa siku yoyote. Ikiwa na rangi ya maziwa ya waridi, rejeta ilivujisha maji ndani: gundi ya pleti imelainika na kutu imeanza kwenye beringi na vali. Ya namna hiyo mimi siichukui hata kwa bei ya chuma chakavu.

Sampu iliyobonyea pia ni habari mbaya. Huenda ilisogea hadi kwenye mdomo wa chujio, giaboksi ikafanya kazi na kiu ya oili. Kagua na masikio ya bolti upande wa injini, kwani nyufa hupenda kuanzia hapo, na rangi ya fedha iliyopuliziwa juu huzificha.

"Ina garantii, nikiona mbovu nitairudisha."

Wauzaji wengi huweka alama ya rangi kwenye bolti. Alama ikivunjika, garantii imekwisha, na ni haki yao, kwa sababu hawawezi kujua ulibadilisha nini ndani. Lakini wewe umeinunua ili uifungue! Kwa hiyo makubaliano yawe mengine, yaandikwe kwenye risiti: ikifunguliwa mbele ya wote wawili na ganda likakutwa na ufa au ngoma zimeliwa, bei inashuka au inarudi yote. Akikataa, punguza bei wewe mwenyewe kabla hujatoa fedha.

"Seti ya matengenezo ina kila kitu."

Seti huwa na pleti, sili, gasketi, pengine chujio. Ngoma, pampu, gia za sayari na shafti hazimo. Konveta nayo imechomelewa; haifunguki bila kukatwa kwenye mashine ya kukereza, na uchafu wa giaboksi iliyokufa hubaki tumboni mwake. Uchafu huohuo hukaa kwenye kipoza oili na mabomba ya rejeta la gari lako, na usipovisafisha utaua giaboksi mpya ndani ya muda mfupi. Jumlisha bei ya giaboksi, seti, konveta, oili na ufundi, kisha linganisha na bei ya iliyojaribiwa ikiwa ndani ya gari lililokatwa nusu, injini ikiwaka. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu "gari jina moja, giaboksi moja", si kweli. Toyota huandika namba kwenye bamba la gari, mstari wa TRANS/AXLE. A340E ni ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, A340F ya linalosukumwa na magurudumu manne, na hata kati ya A340E zenyewe sehemu ya mbele hubadilika kufuata injini.

CVT iliyokufa, yaani giaboksi inayotumia mkanda na puli badala ya hatua za gia, usinunue ili uijenge, kama JF011E ya Nissan X-Trail. Mkanda wa chuma ukiteleza unakwaruza nyuso za puli, na puli ni sehemu ngumu. Tena data ya vali bodi yake (sehemu inayogawa presha ya oili) inatakiwa kuandikwa upya kwenye kompyuta ya gari.

Na kabla ya hayo yote, ipo giaboksi moja ambayo historia yake unaijua: ya gari lako. Unajua ilianza kupoteza rivasi au gia ya tatu, na dalili hiyo inamwelekeza fundi kwenye klachi fulani. Ya dukani haina dalili ya kukuelekeza. Fundi aishushe yako kwanza, aifungue, na utafute ya pili endapo ngoma, gia za sayari au ganda la yako havifai tena.