Bréhémont: Kijiji Kinachoishi Nyuma ya Tuta la Loire

Katika kazi yangu ya utaalamu wa kilimo cha mabonde ya mito, nikitakiwa kueleza jinsi mto unavyoamua mazao na makazi ya watu, huchukua mfano wa Bréhémont, kijiji kidogo cha wakulima kilicho kando ya mto Loire, magharibi ya mji wa Tours, Ufaransa.

Loire, mto mrefu kuliko yote nchini humo, una tabia ya kugeuka ghafla: kiangazi maji hupungua hadi mafungu ya mchanga yakajitokeza katikati, na mvua kubwa zikinyesha nyanda za juu hufurika kwa kasi. Kwa karne nyingi mafuriko hayo yalitandaza bondeni udongo mwepesi, wenye rutuba na kina kirefu, ambao Wafaransa huuita varenne.

Udongo huo uliifaa sana hempu, mmea wa jamii ya bangi uliolimwa hapo kwa ajili ya nyuzi, hasa katika karne ya 19. Mbegu zilipandwa kwa kusongamana makusudi ili mashina yarefuke bila kutoa matawi. Baada ya kung'olewa, yalifungwa matita, yakalazwa majini na kukandamizwa kwa vitu vizito hadi utomvu unaogandisha nyuzi kwenye shina uoze. Kisha yalikaushwa katika majiko ya mawe, yakiwa yamesimamishwa juu ya moto uliohitaji uangalizi wa karibu, kwa kuwa hempu kavu hushika moto upesi. Baadhi ya majiko hayo yangalipo. (Msomaji wa Tanga atashangaa, kwani jani la mkonge hupitishwa kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi, likiwa bichi, pasipo kuozeshwa.) Nyuzi za hempu ziliuzwa kwa watengenezaji wa kamba na matanga, lakini baadaye meli za mvuke na nyuzi za bei nafuu kutoka ng'ambo zikaliua soko hilo.

Kilimo hicho kisingeshamiri bila tuta, yaani ukingo uliojengwa kando ya mto kuzuia mafuriko. Matuta ya Loire yalianza kujengwa Enzi za Kati, yakaendelea kuinuliwa karne baada ya karne, lakini kadiri mto ulivyobanwa ndivyo maji yake yalivyopanda juu zaidi wakati wa mafuriko. Juni 1856 matuta yalibomoka sehemu nyingi za bonde, na maji yaliyopenya kwa nguvu yalichimba mashamba na kuyafunika kwa mchanga. Mhandisi Comoy alipendekeza baadaye yajengwe kwenye matuta mapito ya kupunguzia maji kwa utaratibu, nayo ni machache tu yaliyojengwa.

Kwa maoni yangu, gharama isiyotajwa sana ni ya udongo wenyewe: tuta linalozuia mafuriko huzuia pia tope jipya, kwa hiyo mkulima wa leo hana budi kurudisha shambani kwa samadi na mbolea za viwandani kile ambacho mababu zake waliletewa na mto bure.