Ambienti haikuzaliwa na kompyuta
Wengi huisikia ambienti, muziki tulivu wa elektroniki, wakadhani ni kubonyeza kitufe, kompyuta ikamaliza kazi. Mwanamuziki Mwingereza Brian Eno alipotengeneza albamu yake ya muziki wa viwanja vya ndege mwishoni mwa miaka ya 1970, alitumia kanda za kurekodia sauti. Alirekodi sauti za wanawake watatu na yake mwenyewe, akaunganisha ncha za kila kanda ziwe duara, akazizungushia miguu ya viti studioni. Moja ilijirudia kila sekunde 23 na nusu, nyingine karibu 26. Kwa kuwa urefu wake haulingani, sauti hukutana kila mara kwa namna mpya. Kazi ya mikono kabisa! Wala wazo la muziki usiolazimisha usikivu si lake peke yake: mtunzi Mfaransa Erik Satie alilianza mwaka 1917. Na mwangwi mzito wa The Orb, kundi la ambienti la Uingereza, una deni kwa mafundi wa Jamaika wa dabu, mtindo wa rege uliojaa mwangwi.