Kwa nini terminali haionyeshi chochote unapoandika nywila?

Anayeanza kutumia Linux mara nyingi hukutana na jambo hili mapema. Kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, anaandika sudo, amri ya kufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi wa mashine, anaombwa nywila, anabonyeza kibodi, na kwenye skrini hakitokei kitu, hata nyota moja. Wengi hudhani kibodi imekwama. Kumbe ni nzima, na kila herufi imepokelewa.

Kwenye terminali, kibodi haiandiki kwenye skrini. Ukibonyeza A, herufi hiyo huenda kwanza kwa mfumo endeshi, na mfumo ndio unaoirudisha kwenye skrini uione. Kwa hiyo programu inayoomba nywila haifuniki kitu. Inauambia tu mfumo uache kurudisha herufi kwa muda. Jaribu mwenyewe: andika stty -echo, amri ya kuzima urudishaji huo, bonyeza Enter, kisha andika ls, amri ya kuorodhesha mafaili. Hutaona l wala s, lakini ukibonyeza Enter orodha ya mafaili inatokea kama kawaida. Andika stty echo, japo huioni, na herufi zitarudi.

Desturi hii ni ya zamani, tangu terminali zilipokuwa mashine za kuchapa kwenye karatasi. Pale chuo cha MIT, Marekani, mfumo wa CTSS wa Fernando Corbató, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961, uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja, na nywila zikawa za lazima. Karatasi haina huruma: kilichochapwa kimechapwa, na yeyote atakayeiokota atakisoma. Tena zilikuwapo mashine zilizochapa zenyewe bila kuisubiri kompyuta. Kwa hizo, kompyuta ilitangulia kuchapa herufi mbalimbali mahali pamoja, moja juu ya nyingine, mpaka pakawa peusi. Mtumiaji akaandika nywila yake juu ya weusi huo.

Basi kwa nini zisiwekwe nyota tu? Kwa sababu nyota zina kazi zaidi. Kwa kawaida mfumo hukusanya mstari mzima na hata kukufutia ulipokosea. Programu inayotaka nyota lazima ijitwishe yote hayo: ipokee herufi moja moja, ichape nyota, na ukifuta, irudi nyuma, ichape nafasi tupu, irudi nyuma tena. Humo ndimo makosa hujificha. Mwishoni mwa Januari 2020 ilitangazwa kasoro ya usalama yenye namba CVE-2019-18634 katika pwfeedback, chaguo la sudo la kuonyesha nyota: maandishi marefu kupita kiasi yaliweza kufurika kwenye kumbukumbu na kumpa mshambuliaji mamlaka yote ya mashine. Isitoshe, nyota humwonyesha anayechungulia urefu wa nywila yako. Kwa programu ya kazini, mimi nachagua ukimya.

Ukiandika programu ya namna hii, hakikisha inarejesha hali ya kawaida hata mtu akiikatiza kwa Ctrl+C. Isipofanya hivyo, terminali hubaki bubu. Andika stty sane, bonyeza Enter, na itazinduka.