The Fairy Dance: rili yenye mwenyewe

Kuna vitabu vya fidla ya Uskoti ambavyo, pale juu ya The Fairy Dance panapostahili jina la mtunzi, vimeandika tu "muziki wa jadi". Hunikera. Na kwa kuwa jina lenyewe linataja viumbe wa vilimani wanaocheza usiku, wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuamini kuwa rili hii, yaani muziki wa dansi ya kasi, imetoka huko ukunguni, haina aliyeitunga. Aliyeitunga yupo, na alikuwa na duka mjini.

Ni Nathaniel Gow, aliyezaliwa mwaka 1763 Inver, kijiji kilicho jirani na Dunkeld huko Perthshire. Baba yake, Niel Gow, alifunzwa ufumaji akauacha kwa ajili ya fidla, akawa mpigaji wa madansi ya Duke wa Atholl na matajiri wengine. Inasimuliwa kwamba Niel alipokuwa kijana alishinda shindano ambalo mwamuzi wake alikuwa kipofu, na mwamuzi huyo akasema angeutambua upinde wa fidla ya Niel hata katikati ya wapigaji mia. Kishikilie kisa hicho, nitakihitaji.

Nathaniel hakubaki kijijini. Alipelekwa Edinburgh kwa walimu wa mjini: fidla kwa Robert Mackintosh na Alexander McGlashan, selo kwa Joseph Reinagle. Mwaka 1782 akateuliwa kuwa mmoja wa wapiga tarumbeta wa Mfalme katika Uskoti. Kaka yake William alipofariki mwaka 1791, Nathaniel akashika uongozi wa bendi. Mwaka 1796 akafungua duka la muziki pamoja na William Shepherd, na hapo ndipo picha inapokamilika. Mtu yule yule alitunga, akachapa, akauza nota, kisha usiku bendi yake ikawapigia walewale walionunua nota mchana. Ndiyo maana vitabu vya Gow vimejaa majina ya mabibi na mabwana wakubwa: kila jina ni mteja.

The Fairy Dance ilitungwa mwaka 1802 kwa ajili ya dansi la Fife Hunt, chama cha wawindaji wenye mashamba yao. Ilichapwa katika mkusanyiko wa tano wa familia ya Gow, mwaka 1809, kwa jina la Largo's Fairy Dance. Largo ni mahali huko Fife. Hakuna ukungu hapo. Kuna mteja, mwaka na mchapishaji.

Lakini tusimfanye Nathaniel malaika. Yeye na baba yake walichapa nyimbo za William Marshall, mtumishi wa Duke wa Gordon na mtunzi hodari mno, bila kutaja jina lake. Leo Wamarekani wa milima ya Appalachia wanapiga rili ya Gow kwa jina la Old Molly Hare, na wengi wao hawajawahi kumsikia huyo Gow. Mwosha huoshwa.

Sasa tushike ala. Rili iko katika ufunguo wa D, kwa hiyo nyuzi za D na A zinazoachwa wazi zinaitikia zenyewe. Aliyesoma solfa kwenye kwaya ataipata upesi: mi ndefu, mi fupi, do fupi, tena mi ndefu, mi fupi, do fupi. Mdundo huo unarudiwa mpaka karibu na mwisho wa kipimo cha pili, ndipo sauti zinahamia kwenye kodi ya so, yaani sauti zinazoendana na so. Vidole havina kazi kubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuzipata noti zote, na bado isisikike kama rili.

Tatizo liko mkono wa kulia. Hesabu mipigo ya upinde: noti ndefu chini, fupi juu, fupi chini. Mipigo mitatu, idadi isiyogawanyika kwa mbili. Maana yake kundi linalofuata linaanza kwa upinde unaopanda, na noti yake ndefu inadai uzito uleule uliokuwa kwenye ile ya kwanza. Upinde unaposhuka mkono unasaidiwa na uzito wake wenyewe. Unapopanda hausaidiwi na chochote. Mpigaji asiye na mkono mzuri atatoa kundi moja lenye nguvu, la pili lililolegea, na wachezaji watachechemea.

Niel Gow alisifika hasa kwa mpigo wake wa kupanda, na huyo kipofu hapo juu nadhani hilo ndilo alilolisikia. Sioni ajabu kwamba mwanawe, aliyekulia chini ya upinde huo, alitunga rili inayouhitaji namna hii.

Wapo walimu wanaoziunganisha noti fupi mbili katika mpigo mmoja ili kila kundi lianze kwa kushuka. Ni rahisi, na si kosa, ila kwangu inaondoa makali. Mimi humpa mwanafunzi noti ndefu peke yake, moja kwa upinde wa kushuka, inayofuata kwa wa kupanda, taratibu, mpaka nikigeuka ukutani nishindwe kutambua ipi inapanda na ipi inashuka. Mwendo wa kasi unasubiri.