Kwa nini kutengeneza kilo moja ya dawa huacha makumi ya kilo za taka?

Je, wajua kwamba kilo moja ya dawa ikitoka kiwandani, huenda imeacha nyuma kilo 25 hadi 100 za taka, tena bila kuhesabu maji? Makadirio hayo yalitolewa na mwanakemia Roger Sheldon mwaka 1992, kwa kipimo rahisi mno: chukua uzito wa taka zote, gawanya kwa uzito wa bidhaa. Viwanda vya kusafisha mafuta ghafi, ambavyo wengi wetu tungedhani ndivyo vichafu kuliko vyote, vilipata chini ya 0.1 kwa kipimo hicho. Viwanda vya dawa ndivyo vilivyoburura mkia.

Sababu ya kwanza ni kwamba molekuli ya dawa ni tata, na hujengwa hatua kwa hatua. Kila hatua inataka kiyeyushi cha kuchanganyia, kisha kingine cha kusafishia, na viyeyushi hivyo ndivyo sehemu kubwa ya taka. Isitoshe, kila hatua hupoteza kidogo. Hata ukipata asilimia 90 kila mara, baada ya hatua sita umebaki na asilimia 53 tu. Kwa hatua tatu ungebaki na 73.

Upo upotevu mwingine, nao umejificha ndani ya mlinganyo wenyewe wa kemikali. Mwaka 1991 Barry Trost aliwataka wanakemia wenzake wajiulize: kati ya atomu zote tulizoingiza, ngapi zimeishia kwenye bidhaa? Mmenyuko, yaani kemikali kugeuka kuwa nyingine, unaweza kwenda vizuri kabisa, kila molekuli ikageuka kama ilivyokusudiwa, na bado nusu ya malighafi ikawa taka. Hapo hakuna fundi wa kulaumiwa. Taka ilikuwemo tangu njia ilipochorwa kwenye karatasi.

Tazama ibuprofeni, dawa ya maumivu inayojulikana duniani kote. Njia ya awali, iliyobuniwa na kampuni ya Boots ya Uingereza miaka ya 1960, ilikuwa na hatua sita, na ni asilimia 40 tu ya uzito wa malighafi iliyoingia kwenye dawa. Ilihitaji pia kloridi ya alumini kwa wingi, ambayo ikishatumika haifai tena.

Mwaka 1992 kiwanda kimoja mjini Bishop, Texas, kilianza kutumia njia ya hatua tatu. Hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe kwa uzito wa molekuli: isobutilibenzini 134, anhidridi ya asetiki 102, hidrojeni 2, monoksidi ya kaboni 28. Jumla ni 266. Ibuprofeni ni 206, yaani asilimia 77. Ile 60 iliyosalia ni asidi ya asetiki, hii hii inayoipa siki ukali wake, na hukusanywa ikatumika kwingine. Ukiihesabu hiyo, karibu hakuna kinachotupwa.

Siri yake ni vichocheo. Kichocheo hushiriki katika mmenyuko bila kuliwa nao, kwa hiyo hurudishwa kazini tena na tena. Badala ya kloridi ya alumini iliingia floridi ya hidrojeni, na hatua zilizofuata zikatumia nikeli na paladi. Lakini tusiipambe njia hii kupita kiasi: floridi ya hidrojeni huunguza ngozi na kupenya hadi kwenye mifupa. Kanuni 12 za kemia ya kijani, yaani kemia isiyochafua mazingira, zilizoandikwa na Paul Anastas na John Warner mwaka 1998, hazidai kupunguza taka peke yake, zinadai pia kemikali zisizo na madhara. Kwa upande huo ibuprofeni ilifika nusu ya safari.

Ndiyo maana macho mengi sasa yanaelekea kwenye vimeng'enya, vichocheo vya viumbe hai, ambavyo kwa kawaida havihitaji joto kali wala metali adimu. Katika kutengeneza sitagliptini, dawa ya kisukari, kimeng'enya kilichukua nafasi ya kichocheo cha metali adimu ya rodi kilichohitaji hidrojeni kwa shinikizo kubwa, na taka zikapungua kwa asilimia 19. Kimeng'enya cha asili hakikuweza kabisa kuipokea molekuli hiyo. Watafiti walikibadili maabara, kizazi baada ya kizazi, wakibakiza kila mara kile kilichofanya kazi vizuri zaidi, kwa mbinu iliyompa Frances Arnold Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2018.