Kabla ya Kuiamini Namba ya Kidoleni

Asubuhi ya Juni, Makete au Njombe, mgonjwa anaingia zahanati vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Muuguzi anambana kidoleni kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni, namba inasoma asilimia 84. Mama aliyemleta anashtuka. Kama mgonjwa anahema kwa shida, hapo hakuna kusubiri, apewe huduma mara moja. Lakini huyu anaongea vizuri, midomo haijabadilika rangi. Muuguzi anamsugua viganja, anamfunika blanketi, anapima tena: 94.

Kifaa si kibovu. Ndani yake mna taa mbili, moja nyekundu na nyingine ya infraredi isiyoonekana kwa macho, na upande wa pili kihisi kinachopokea mwanga uliopenya kidole. Damu yenye oksijeni na isiyo nayo hazifyonzi mwanga huo kwa kiasi sawa. Mjapani Takuo Aoyagi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliona kwamba ukifuatilia ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka kwa mapigo ya moyo, unaipata damu ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, peke yake. Baridi ikibana mishipa, mapigo kidoleni hufifia na kihisi hubabaika. Piko ya harusini nayo huziba mwanga.

Sisi wa nyanda za juu tuna jambo jingine. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 tu ya ule wa Dar es Salaam. Mtu mzima wa afya huku anaweza kusoma chini kidogo ya ndugu yake wa pwani. Chini kidogo, si 84.

Namba nyingine ya kuhakiki ni mwendo wa dripu, na hapo kazi ni ngumu zaidi. Mpira wa kawaida wa watu wazima hutoa matone 20 kwa mililita, kwa hiyo lita moja kwa saa 8 ni matone kama 42 kwa dakika. Muuguzi huyahesabu kwa saa ya mkononi, kisha anaitwa kitanda kingine. Mgonjwa akiinuka kukaa, mwendo unabadilika na hakuna anayeona. Kwa mtoto mchanga, kosa hilo ni la hatari kabisa.

Ndiyo maana watafiti wanahangaika na vihisi vya mtiririko, yaani vya kupima mwendo wa maji, vilivyochongwa kwenye silikoni, ile ya kutengenezea chipu za kompyuta. Katikati kuna kijiwaya cha joto, kila upande kipimajoto. Maji yakitembea, yanabeba joto kwenda mbele; tofauti ya vipimajoto viwili ndiyo mwendo. Ila kihisi kilichorekebishwa kwa maji matupu kinaweza kudanganya kikikutana na maji ya sukari, kwa sababu hayabebi joto sawasawa. Povu la hewa nalo hukivuruga.

Kukihakiki, tunarudi kwenye mizani. Maji yaliyopita kwenye kihisi yanadondokea chombo kilicho juu ya mizani nyeti, na gramu moja ni karibu mililita moja. Tone moja la dripu ni gramu 0.05 tu, kwa hiyo hata mvuke unaotoroka unaharibu hesabu. Juu ya maji tunamwaga utando mwembamba wa mafuta, tunafunga dirisha, ndipo tunaanza kusoma.