Umeme wa msongo mkubwa hausubiri uguswe

Wengi tumekua tukiamini kwamba waya wa umeme haudhuru mpaka uuguse. Kwenye njia za msongo mkubwa, imani hiyo inaua. Nyaya zake huwa tupu, hazina ganda la plastiki. Kinachouzuia umeme ni hewa tu, na hewa ina kikomo chake. Sogeza mkono karibu mno, au ngazi ya chuma, na umeme huruka kama radi ndogo.

Ndege je? Miguu yake yote iko kwenye waya mmoja, hivyo umeme haupiti mwilini mwake. Bawa likigusa waya wa pili, anakufa papo hapo. Mafundi wa njia zenye umeme hufuata kanuni hiyohiyo: huvaa suti iliyofumwa kwa nyuzi za chuma, kisha hutanguliza fimbo ya chuma. Cheche huruka kati ya fimbo na waya, na baada ya hapo fundi na waya huwa na volti sawa.

Hata njia iliyozimwa, ikipita sambamba na nyingine inayofanya kazi, hupata umeme bila kuunganishwa nayo. Ndiyo maana mafundi huiunganisha na ardhi kwanza. Huko juu mnarani, hata mshtuko mdogo usioua humfanya mtu aachie alichoshika, na hapo kinachobaki kumshika ni mkanda wake.